Ushuhuda Nilioutoa Mbarara kwa Ajili ya Dereva Nestor

Niliondoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kwenda Mbarara kwa sababu ya uongo wa redio. Basi la Nyota ya Mipaka lilipinduka tukielekea Bujumbura, sisi wachuuzi wa vitenge tukiwa ndani. Watu walikufa. Mimi nilivunjika mkono. Kesho yake kampuni ikatangaza redioni kwamba dereva Nestor, Mrundi jirani yangu, alikuwa amelewa. Nestor pombe hagusi! Nilikaa nyuma yake kabisa. Kabla hatujatoka stendi nilimsikia akimpigia simu mwenye kampuni, Bwana Katungi: “Patron, breki hazishiki.” Katungi akajibu, sauti kubwa tukasikia wote: “Endesha. Wateja wa Bujumbura hawangoji breki.”

Asubuhi, Nakivale. Msemaji wa kampuni, dada mmoja Doreen, alikuwa ametuita manusura Mbarara, tukashuhudie mbele ya waandishi wa habari “kama mnavyofanya kanisani.” Espérance, mke wa Nestor, alinisindikiza hadi kwenye pikipiki ya boda.

“Mama Furaha, utasema kweli?”

“Nitasema.”

“Hauogopi?”

“Naogopa mingi. Lakini nitasema.”

Njia ya Kabingo ina vumbi na miteremko. Kila mteremko nilifumba macho, mkono mzima umeshika koti la mwenye boda. Nilijiuliza: mkimbizi akimtaja tajiri wa hapa kwa jina, kesho atalala wapi?

Ruharo, hospitalini. Nestor alikuwa amefungwa pingu kwenye kitanda, askari pembeni. “Wewe mama, kaa kidogo tu, halafu toka,” askari akasema.

Nestor akacheka kwa shida, mbavu zinamuuma. “Wanasema nilikunywa. Waulize ni baa gani, labda niliacha koti langu huko.” Kisha kicheko kikaisha. “Mama, wakinipeleka gerezani, watoto wangu wataitwa wana wa mlevi aliyeua watu.”

Mbarara mjini, hoteli moja yenye zulia. Katungi alikaa mbele, ameinamisha kichwa kwa ajili ya kamera. Doreen akanishika bega. “Nyabo,” akaniita, kama waitavyo mama hapa, “sema tu vile Mungu amekuokoa, na kampuni imeleta dawa. Fupi, eh?”

Alituchagua sisi Wakongomani wa kanisa kwa kuwa tunajulikana kwa shukrani. Lakini kanisani kwetu hajafika. Kwetu mtu akisimama kushuhudia, hakuna wa kumkalisha. Ataanzia alipoamka, atamaliza anapotaka, na kwaya itampokea kwa wimbo.

Basi nikasimama. Nikamshukuru Mungu aliyeniamsha. Nikawashukuru madaktari. Nikashukuru kwa dawa za kampuni, maana kweli walileta. Halafu nikaingia kwenye breki.

“Imetosha, nyabo, asante sana,” Doreen akasema.

Kutoka viti vya nyuma Mama Zawadi, naye manusura, akapaza sauti: “Acha amalize! Mutu anashuhudia!”

“Amina!” wenzetu wakaitika.

Nikamaliza. Simu, breki, Katungi. Nikalirudia jina lake mpaka akaanza kutazama viatu vyake. Nikakaa, nikidhani nimemwokoa Nestor.

Jioni, Kabingo. Nikisubiri boda, nikasikia sauti yangu kwenye redio ya dukani. Mtangazaji akasema sauti hiyo wameletewa na kampuni. “Namshukuru Mungu... nashukuru kampuni kwa dawa...” Kisha muziki.

“Ni wewe huyo, mama?” mwenye duka akauliza. “Wamekusaidia sana, eh?”

Nikapanda boda. Doreen alinikata kama kitenge: akachukua fasi nzuri, sehemu ile ya shukrani, nyingine akatupa.

Nakivale, giza linaingia. Espérance alikuwa mlangoni kwake na majirani. Siku zote hunipokea mzigo. Safari hii hakuinuka.

“Tumekusikia, Mama Furaha,” akasema. “Hata wewe?”

Maneno hayo yaliniuma kuliko mkono. Sikumlaumu, angejuaje? Ndipo nilipojifunza kitu ambacho shule yangu ndogo haikunipa: mbele ya Mungu anza na shukrani, maana yeye hakati maneno ya mtu. Mbele ya watu wa redio anza na mkosaji, shukrani zitafuata kama kuna nafasi.

“Washeni simu zenu, mnirekodi,” nikawaambia majirani. “Na mkituma, mtume yote.”

Zikawashwa. Nikabaki nimesimama pale uani, nikamtazama Espérance machoni, na neno la kwanza nililotoa lilikuwa Katungi.