Mtaalamu wa Lisbon wa Mankhool

Niliajiriwa kwa sababu ya Lisbon, mji ambao hadi leo sijaukanyaga.

Ilikuwa mwanzoni mwa muongo ule wa 2010. Nilikuwa nimetoka Mombasa, na mwaka wangu wa kwanza Dubai nilikuwa nimeumaliza nikikunja mashati katika duka la nguo, kazi niliyoifanya vibaya. Nikasikia ofisi ndogo ya safari mtaani Mankhool inatafuta karani. Nikaazima tai, nikaenda. Arbab, yaani mwenye ofisi, alikuwa mzee wa Kiarabu, mpole, tasbihi haimtoki mkononi. Alinitazama kidogo, akaniuliza kwa Kiingereza, "Ulaya unaijua?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nilikumbuka nyumba yetu ya Mji wa Kale, ambayo ukipanda darini unaiona ngome waliyojenga Wareno. Nikamkumbuka na mwalimu wetu wa historia, aliyetufundisha habari za Wareno muhula mzima mpaka tukawachukia kana kwamba wameondoka jana. Nikajibu, "Lisbon, sir. Naijua vizuri sana."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Jumapili nikaanza kazi.

Wenzangu ofisini walikuwa wawili tu, na haukupita mwezi wakaanza kuniita Mreno. Mteja yeyote aliyeitaja Ureno, hata kwa bahati mbaya, aliletwa mezani kwangu. Nami badala ya kuona haya, nikanogewa. Nikaanza kuwaambia watu kwamba Lisbon ya vitabu vya watalii ni ya wasiojua, na kwamba mimi nina Lisbon yangu. Arbab aliposikia hivyo akafurahi, akaniagiza niandike karatasi ya kugawia wateja: sehemu kumi za Lisbon zisizojulikana.

Karatasi ile niliitunga kwa siku mbili, nimekodoa macho kwenye ramani ya kompyuta. Nilipoona kidoa cha kijani katikati ya majengo, niliandika "bustani ya siri". Kichochoro kilichojipinda kikawa "njia ya wapendanao". Namba saba ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kilikuwa kipande cha kijani kama ukucha, na mimi nikakipamba kwa kisima cha maji matamu, kivuli, na wazee wanaocheza bao. Ndiyo, bao. Kwa nini wazee wa Lisbon wacheze bao sikujiuliza.

Kwa miaka mitatu hakuna aliyelalamika. Nilidhani ni kwa sababu nina kipaji cha kuchagua.

Siku moja nilikuwa kwenye simu nikizungumza na dada yangu aliye nyumbani Mombasa, nimesahau kushusha sauti. Nilipokata, nikamkuta mwanamke mzee amesimama mbele ya meza yangu, amevaa baibui, na juu ya mabega kajitanda leso nyekundu.

"Mswahili we?" akaniuliza.

"Naam, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi?"

"Mombasa, Bibi."

"Basi si mbali na kwetu," akasema, akavuta kiti.

Alikuwa mtu wa Unguja, amekaa Deira, hapo hapo Dubai, tangu alipoolewa, zaidi ya miaka arubaini. Kiarabu chake kilikuwa cha wenyeji, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kimepigwa pasi, hakina kunyanzi. Mjukuu wake wa kike alikuwa akisoma Lisbon, na viza ya kwenda kumtembelea alikuwa ameshaipata. Alichotaka kwangu ni tiketi na ushauri.

"Mchana mwenyewe yuko chuoni," alisema. "Mimi nikae ndani nikitazama ukuta? Na makanisa na minara nshayaona kwenye televisheni. Mimi nataka nione watu wanapoanika nguo zao. Unajua pahala?"

Hapo ndipo mtu mwenye hofu ya Mungu angesimama. Mimi nikafungua mtoto wa meza, nikatoa karatasi yangu, nikamfasiria namba zote kumi, moja baada ya moja, kwa muda wa vikombe viwili vya chai. Na kwa kuwa nilikuwa nikisema kwa Kiswahili, lugha yangu mwenyewe, uongo ulitoka mtamu zaidi kuliko nilivyouandika. Nilipofika namba saba nilimwelezea hata ubaridi wa maji ya kile kisima.

"Ngazi je?" akauliza. "Mimi goti langu moja halisikii amri."

"Chache sana, Bibi."

Akaikunja karatasi, akaitia katika mkoba, akachukua na namba yangu ya simu.

Alipoondoka nchini nilikosa raha. Kila aliposafiri mteja mwingine nilikuwa nikilala fofofo, lakini huyu alikuwa ameniita mwanangu. Nilijaribu kujituliza kwamba hatakwenda, kwamba mjukuu atampeleka madukani na yatakwisha.

Siku ya nne, saa nane mchana kwetu, simu ikalia mlio wa ujumbe. Kupiga simu za mtandao kulikuwa kumefungwa Dubai, lakini ujumbe wa sauti ulipita. Nilikuwa na wateja wawili mbele yangu, mume na mkewe, nikabonyeza bila kufikiri, na sauti ya bibi ikajaa ofisi nzima.

"Mwanangu, niko namba saba. Mbona naona mabasi?"

Nikawaomba radhi wale wateja, nikakimbilia ngazini. Nikamuuliza mabasi mangapi. Jibu likaja: "Yote. Nadhani hapa ndipo yanapolala." Nyuma ya sauti yake nilisikia breki zikipumua na mtu akifoka kwa Kireno.

Ningeweza kuungama palepale. Badala yake nilirudi kwenye kompyuta, wateja wananitazama, nikaikuza ramani mpaka kile kipande cha kijani kikajaa kioo. Zilikuwa nyasi za ukingo wa gereji ya mabasi. Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyezaliwa mtaa huo, "Bibi, umefika mbele mno. Rudi nyuma, kuna njia upande wa kushoto, inapanda kidogo."

Ikapita robo saa. Kisha: "Hizi ngazi ulisema chache. Nshahesabu sitini na mwisho siuoni."

"Umekaribia, Bibi."

"Umekaribia wewe! Mimi nimekaa chini."

Yule mteja wa kike, ambaye hakujua neno la Kiswahili, aliniuliza kama kuna mgonjwa. Nikasema ndiyo, na wala haikuwa uongo, maana nilikuwa natokwa na jasho chini ya kiyoyozi. Nikamtumia bibi ujumbe kwamba apumzike, asiendelee, ateremke polepole, nitamtafutia teksi. Hakujibu. Nikatuma mwingine. Hakujibu. Nikaanza kumwona amelala kwenye ngazi za watu na karatasi yangu mkononi, namba saba imepigiwa mstari.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja alipoleta sauti nyingine. Niliisikiliza nimesimama chooni. Kulikuwa na maji yakimwagika, wanawake wakicheka, na katikati yao bibi, akihema juu juu.

"Mwanangu, nimefika. Lakini si bustani, na bao hakuna. Ni nyumba ya kufulia nguo. Watu wazima kama mimi wamejazana na mabeseni. Wamenipa kiti, wamenipa kahawa chungu. Hawajui nnachosema na mimi sijui wanachosema. Mmoja kanishika leso yangu, kasema *lenso*. Nikamwambia ndiyo, leso! Nikagonga meza, nikasema meza. Kasema *meza*! Loo, tumecheka hapa mpaka mwingine kadondosha shuka. Na kamba za nguo, mwanangu, ziko mpaka huko chini bondeni. Ahsante sana."

Nilikaa juu ya kifuniko cha choo nikaisikiliza mara tatu. Halafu nikarudi mezani na, naona aibu kulisema, nikawaambia wenzangu kwamba nimemwelekeza mteja mahali ambapo hapajulikani hata na watu wa Lisbon wenyewe.

Aliporudi alikuja ofisini moja kwa moja, kabla hata ya kwenda sokoni. Arbab alikuwepo, amekaa kwenye kochi lake na tasbihi. Bibi akanisalimu, akatoa katika mkoba mche wa sabuni ya kufulia uliofungwa gazeti.

"Hii wamekupa wao. Niliwaambia kwa mikono kwamba kuna mtu kanileta." Akaketi. "Sasa niambie. Ulipokuwa Lisbon ulikaa mtaa gani?"

"Mtaa wa... wa juu juu, Bibi."

"Juu juu."

"Naam."

Akanitazama kwa yale macho ambayo watu wazima wa kwetu huyatumia kumtazama mtoto aliyeficha kitumbua mfukoni, na mafuta yameshatoka nje. Nikasalimu amri. Nikamwambia yote: ngome, mwalimu, tai ya kuazima, vidoa vya kijani. Nilisema kwa Kiswahili, nikijipa moyo kwamba arbab haelewi.

"Mnasema nini?" arbab akaniuliza kwa Kiingereza.

"Anasema safari ilikuwa nzuri sana, sir."

Bibi akageuka, akamfasiria kila kitu kwa Kiarabu. Sikuelewa yote, lakini nilisikia Lisbon, nikasikia Mombasa, na nikamwona akichora kidoa hewani kwa kidole. Nikaanza kupanga kichwani namna ya kurudi kwenye mashati.

Arbab aliacha kuhesabu tasbihi. "Siku ya kwanza pasipoti yako niliishika kwa mkono wangu," akaniambia. "Ndani mlikuwa na muhuri wa Kenya na wa hapa. Ulidhani siwezi kusoma?"

"Mbona ulinichukua, sir?"

"Ulisema uongo kwa adabu. Nikaona huyu atafaa mbele ya wateja." Akafikiri kidogo. "Na karatasi yako sikuiogopa. Kwa miaka yote hakuna aliyeifuata. Watu huichukua, wakifika huko wanakwenda pwani."

Hilo ndilo lililoniuma. Aibu ya kujulikana niliimeza, lakini kipaji changu cha kuchagua kilinitoka siku hiyo na hakikurudi tena. Nilipowageukia wenzangu wawili, walikuwa wakicheka: ofisi nzima ilikuwa imejua tangu mwanzo, na jina la Mreno, ambalo mimi nilikuwa nikilivaa kama nishani, lilikuwa mzaha. Khalas, arbab akasema, futa yote, acha pale pa kufulia. Basi ile karatasi ya sehemu kumi ikawa ya sehemu moja.

Bibi hakuwa amemaliza. "Na hapa Dubai?" akauliza. "Una miaka mingapi?"

"Wa tano huu, Bibi."

"Al Ras umefika?" Ni mtaa mkongwe wa Deira, ng'ambo ya maji.

"Nimepita."

"Umepita na nini?"

"Na basi."

"Basi haliingii vichochoroni mwa Al Ras," akasema. "Ijumaa baada ya sala, nisubiri upande wa Deira kwenye kituo cha mashua za abra. Na uvae viatu vya kutembelea."

Nilivaa viatu vya ofisi, kwa sababu sikuwa na vingine zaidi ya kandambili. Ilikuwa Januari, hewa nzuri, na bibi alinitangulia kwa fimbo kana kwamba lile goti ni la mtu mwingine. Alinipitisha nyuma ya maduka ya viungo, palipojaa magunia ya ndimu kavu na mahamali wenye mikokoteni waliomwamkia kila mmoja kwa lugha yake. Alinionyesha duka la mizani za zamani ambalo mwenyewe hauzi kitu, anazipangusa tu. Akanionyesha mlango wa nyumba aliyofikia mwenyewe akiwa bi harusi, sasa ghala la masanduku ya chai.

Kisha tukaingia kichochoro chembamba, na upande mmoja plasta ilikuwa imebanduka. Chini yake palikuwa na jiwe la matumbawe, lenye vishimo vyake, rangi ileile ya kuta za kwetu. Nikalishika. Miaka mitano nilikuwa nikilala chumba cha watu sita Mankhool, nikiikumbuka nyumba yetu, na jiwe la nyumbani lilikuwa ng'ambo tu ya maji, mwendo wa dakika chache kwa abra. Sikuwahi kuvuka kulitafuta. Nilikuwa nimeshughulika na Ureno.

Nilihisi machozi yako karibu, na kwa kuyaficha nikafanya ninachokijua. Nikakohoa, nikaanza, "Unaona, Bibi, ujenzi wa aina hii uliletwa na..."

"Mwanangu," akasema, "nyamaza utazame."

Nikanyamaza. Nikatazama kwa bidii, kichwa nimekiinua juu kama mtaalamu, nikirudi nyuma hatua moja moja ili niuone ukuta wote. Hamali mmoja akapiga kelele, "Yalla, yalla!" Nikaruka kumpisha mkokoteni, viatu vya ofisi vikateleza, nikakaa kitako ndani ya gunia la unga wa bizari ya manjano lililokuwa wazi mlangoni mwa duka.

Mwenye duka alinivuta mkono akicheka na kulaani kwa pamoja. Bibi alilazimika kushika ukuta kwa kicheko, akajipangusa macho kwa ncha ya leso, akamsihi yule bwana kwa Kiarabu mpaka akanisamehe.

Nilivuka kurudi Bur Dubai, upande wetu wa Mankhool, nimesimama, kwa sababu kila nilipojaribu kuketi abiria wa abra walijisogeza mbali na suruali yangu. Ijumaa iliyofuata nilirudi Al Ras peke yangu, bila kumwambia mtu. Nilipotea saa moja na nusu, na yule mpangusaji wa mizani nilimpita mara nne. Mara ya nne alinipa kiti.