Pipa la Upande wa Beni

Muyisa alikuwa mtu mgumu, tuseme mapema ili tusidanganyane. Watu wa Masereka walimheshimu kwa divai yake, si kwa maneno yake, maana maneno alikuwa nayo machache na karibu yote makali. Mkewe Kaswera alimzoea. Mwingine aliyemweza alikuwa mdogo wake, Lusenge, na Lusenge hakuwepo tena.

Baba yao ndiye aliyewaachia kazi hiyo. Alipanda mizabibu kwenye mteremko wa Masereka, penye baridi, halafu akapanda mingine bondeni, upande wa Beni, penye joto. Ya baridi ilitoa divai nyeupe, nyepesi, chachu ya kukunja uso. Ya joto ilitoa divai tamu na nzito mno, ukiinywa peke yake inakukinaisha. Ukizichanganya vizuri, unapata ile divai ambayo parokia iliitumia kwenye misa. Kuna padri mmoja aliyehamishwa ambaye aliomba chupa ya kuondoka nayo kabla hata hajakumbuka vitabu vyake.

Mzee aliweka sharti moja: hakuna anayechanganya peke yake. Muyisa alimimina ya Masereka, Lusenge akamimina ya Beni, wakaonja, wakagombana, wakaonja tena. Siku zote Lusenge alikuwa na neno lake moja kwa kaka yake, yaya, kama alivyomwita.

“Ingine kidogo, yaya.”

Naye Muyisa alinung'unika, akamwachia aongeze.

Msimu wao wa mwisho, Lusenge alituma zabibu kwa lori la Bilali, mchukuzi wa Beni, Mwislamu asiyeonja hata tone, lakini aliyezifunika kwa turubai kama mtu anayemfunika mtoto wake. Lusenge alibaki nyuma kumalizia mizabibu michache. Jioni ile watu wenye silaha waliingia bondeni. Waliouawa waliokotwa, wakazikwa. Lusenge hakuonekana, si mzima, si maiti. Shamba limerudi kuwa msitu, na hakuna anayethubutu kwenda kutazama.

Zile zabibu Muyisa alizikamua mwenyewe, akaziba pipa, akakataa kuligusa. Kulifungua kungekuwa sawa na kusema kwamba mdogo wake harudi. Kaswera alilielewa hilo, akafagia kulizunguka pipa.

Kisha barabara ya Goma, ambako parokia sasa iliagiza divai yake, ikafungwa kwa vita, na Abbé Timothée, padri wa parokia, akapanda mteremko kwa miguu.

“Papa Muyisa, divai ya misa haifike tena. Hauna ata kidogo?”

“Iko,” Muyisa alisema. “Mais kwanza mutamusomea Lusenge misa, na divai yake mwenyewe. Hatukuzika mutu. Donc tufanye ata hiyo.”

Abbé alikubali.

Muyisa alichanganya peke yake. Alimimina ya Masereka, kisha akasimama mbele ya pipa la Beni akiwa na jagi mkononi. Alimimina. Alionja. “Ingine kidogo,” alisema kwa sauti, na aliposikia sauti yake mwenyewe, machozi yakamtoka. Aliongeza kidogo kidogo, mpaka pipa la Beni likabaki tupu, akafunga mchanganyiko kwenye pipa jingine utulie hadi siku ya misa.

Sasa, Kaswera alizaliwa upande wa Musienene, na kwa kasikisi, pombe ya ndizi, hakuwa na mpinzani. Mpishi wa kasikisi hutega sikio. Pombe iliyo hai huchemkachemka na kunong'ona. Ikinyamaza, unaitupia unga wa mtama wa kukaanga iamke. Mapipa ya mumewe hakuwahi kuyagusa. Lakini juma lile Muyisa hakula wala kusema, na Kaswera aliingiwa na hofu ya kweli. Aliingia ghalani, akaweka sikio kwenye pipa. Kimya. Akaenda kusaga mtama.

Muyisa alipofungua, povu lilimrukia mkononi na harufu ya pombe ikajaa ghala.

“Nani aligusa hii pipa?”

“Ni mimi, Papa Bénie,” alijibu Kaswera, akimwita kwa jina la mtoto wao. “ Ilikuwa inanyamaza. Niliona sawa imekufa. Niliweka mutama kidogo tu, ili iamuke.”

Mtu yule wa kufoka hakufoka. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Divai ya misa hapana kuweka kitu, Mama Bénie. Ni zabibu tu.”

“Sikujua. Tuichuje na kitambaa. Nani atajua?”

“Mimi. Na ni misa ya Lusenge.”

Muyisa mwenyewe alimwambia abbé. Abbé akatikisa kichwa.

“Mungu anaona roho yenu, Papa. Mais hii siwezi kuipeleka ku altare.”

“Basi aone,” alisema Muyisa, akaondoka bila kuaga.

Pipa lile lilinywewa na majirani waliokuja kuwafariji. Walilisifu sana. Mmoja, akidhani ni kasikisi, alisema safari hii Kaswera amejipita mwenyewe, na Kaswera akaenda nyuma ya jiko kulia. Muyisa alikaa kati yao na kikombe kitupu mpaka wakalimaliza.

Iliyobaki ilikuwa bidoni moja, dumu la divai ya Masereka, safi, zabibu tupu. Ndiyo iliyopelekwa kanisani Jumapili. Abbé aliinua kikombe, akalitaja jina la Lusenge, akanywa. Muyisa, kwenye benchi la mbele, aliona uso wa abbé ukikunjamana kwa uchachu na koo lake likimeza kwa shida. Kaswera naye aliona, akamshika mumewe mkono. Muyisa alijua kabisa kilichopungua ndani ya kikombe kile, na kwamba hakuna tena popote pa kukipata ili akiongeze.