Muguka niliouficha mfukoni ulivyomnyima mwalimu ziwa lake Mlima Kenya

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa kitandani, kwenye lodging ndogo hapa Githongo, upande wa Meru. Haya yalitokea jana. Sitapunguza sehemu zinazoniaibisha, maana hizo ndizo zilizofanya nifungue huu uzi.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliacha darasa la saba. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuzunguka. Nimepakia mchanga, nimechuma kahawa, nimeuza viatu vya mtumba. Nikikaa mahali miezi mitatu miguu inaanza kuwasha. Kwa sasa napanga chumba Majimbo, pale Embu mjini.

Jana niliamka saa kumi alfajiri bila sababu yoyote. Nikavaa jaketi, nikatoka. Sikuwa na mpango. Kwenye petroli stesheni nikakuta dereva wa canter ninayemfahamu, anaenda Chogoria kuchukua ndizi. Nikamwambia nisogeze tu, nitashuka popote.

Mfukoni nilikuwa na muguka wa kutosha siku nzima. Kwa wale wasiojua, muguka ni majani yanayotoka kwetu upande wa Mbeere. Unayatafuna, usingizi unaisha, njaa inaisha, unaona dunia yote ni rafiki yako. Wameru wana miraa, wanatafuna vijiti, na kila siku wanatucheka eti sisi tunakula majani kama mbuzi.

Chogoria nikashuka ninywe chai. Mbele ya hoteli kulikuwa na Land Rover kuukuu, na mama mmoja amevaa gumboots, kofia ya sufu, na leso kiunoni. Alikuwa anaongea na simu kwa hasira.

"Wewe lala tu. Lala! Na ukiamka umwambie mama yako kwamba shangazi alienda bila wewe."

Akakata.

Nikauliza kuna shida gani. Mimi nina ugonjwa mmoja, siwezi kupita jambo bila kuuliza. Akaniambia amekodi guide wake binafsi kwa siku moja, ampeleke kuona maziwa ya mlimani. Mpwa wake ndiye alikuwa abebe mkoba, na amemwangusha.

"Mimi nitabeba," nikasema.

"Kwani wewe unaenda wapi?"

"Popote, Mwalimu."

Sijui kwa nini nilimwita Mwalimu. Ilikuwa sauti yake tu. Akacheka. "Umejuaje?"

Ndivyo nilivyomfahamu Mwalimu Igoki. Amefundisha shule ya msingi karibu na Gachoka miaka thelathini na moja, sasa amestaafu mapema. Gachoka ni joto na vumbi, lakini asubuhi kukiwa wazi mlima unauona kule juu na theluji yake, kama kitu cha watu wengine.

Guide alikuwa Mmeru, mwanamume mfupi mwenye miguu myepesi kama ya mbuzi, anaitwa Mutwiri. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia ID yangu, kisha akaniangalia mashavu.

"Wewe ni wa Embu. Unatafuna?"

"Hapana."

"Nasema hivi, mucore," akaniambia polepole. Mucore ni rafiki kwa Kimeru. "Mimi sina mashine ya hospitali. Mashine yangu ni chakula. Kila saa moja nampa mtu kitu ale. Akikataa, najua urefu wa mlima umeanza kumshika, maana huko juu hewa ni nyepesi. Sasa mtu wa majani hali chakula hata akiwa nyumbani kwake. Huyo siwezi kumsoma. Nakuuliza tena. Unatafuna?"

"Hata sijui ladha yake," nikasema.

Wakuu, uongo huo niliusema nikiwa natabasamu.

Tukapanda Land Rover, Mutwiri kwenye usukani. Mashamba ya chai, halafu msitu, halafu mianzi mpaka gari likawa kama linapita ndani ya handaki. Tukapita geti la mbuga. Zaidi ya hapo miti ikaanza kuwa mifupi na nyasi zikawa za rangi ya simba.

Ziwa la kwanza, Ellis, tulilifikia mapema. Maji yametulia kabisa, ukungu unatembea juu yake. Mimi nilisimama mdomo wazi. Nimezaliwa chini ya mlima huu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba huko juu kuna maji yamekaa kimya hivyo.

Mwalimu aliangalia kwa heshima, halafu akasema, "Ni zuri. Lakini silo."

La kwake yeye lilikuwa ziwa Michaelson, lile lililo bondeni chini ya ukuta wa mawe. Mpango ulikuwa kutembea mwendo wa kama saa tatu na nusu mpaka ukingo wa bonde, kuliona kutoka juu, halafu kurudi.

Tukaliacha gari hapo, tukaanza. Na hapa ndipo nilipoanza kutafuna kwa siri. Nilikuwa nakaa nyuma, mkoba mgongoni, nachukua majani machache, nasukumia shavuni.

Saa ya kwanza Mutwiri akatugawia viazi vitamu vya kuchemsha. Mwalimu akala chake chote na maganda. Mimi nikauma kidogo, nikafanya kama natafuna, kilichobaki nikatupa vichakani.

Nilijisikia vizuri sana. Niliongea bila kupumua. Kule juu kuna mimea kama kabichi kubwa iliyowekwa juu ya nguzo, nikawa naisalimia moja moja kwa majina ya watu wa Majimbo. Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alikuwa anatembea polepole mno, hatua moja, pumzi moja, kama mtu anayehesabu. Nikawa namwonea huruma kimoyomoyo. Nikasema mama huyu hatafika.

Saa ya pili, yai la kuchemsha. Nikatupa.

Kichwa kilikuwa kimeanza kubana, lakini nani asiyejua muguka unabana kichwa? Hamu ya chakula haikuwepo, lakini ukitafuna muguka huwa haipo. Moyo unakimbia? Ni muguka. Kila dalili nilikuwa na jibu lake mfukoni. Nikaongeza mengine.

Saa ya tatu, tulipopumzika, Mwalimu alituambia kwa nini alitaka ziwa hilo.

Mwaka wake wa kwanza kazini, akifundisha kuhusu Mlima Kenya, mtoto mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, wewe umewahi kufika huko?" Mwalimu mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mgeni mbele ya watoto hamsini. Aliona aibu kusema hapana. Akasema ndiyo. Mtoto akauliza, "Maji ya ziwa ni rangi gani?" Akajibu la kwanza lililokuja mdomoni. "Meusi. Meusi kabisa kama makaa."

Na kwa sababu alikuwa ameshasema, mwaka uliofuata akasema tena. Na uliofuata. Miaka thelathini na moja.

"Desemba iliyopita," alisema, "mwanafunzi wangu mmoja, sasa ni mtu mzima ana watoto, alikuja kunisalimia. Akaniambia, Mwalimu, mimi huwaambia watoto wangu kuhusu lile ziwa jeusi uliloliona. Sikulala siku hiyo."

Mutwiri akafungua mdomo. "Mwalimu, maji yake ni..."

"Usiniambie!" Alipaza sauti kweli kweli, ile ya kunyamazisha darasa. "Hata picha sijakubali kuonyeshwa. Nataka niyaone na macho haya yaliyodanganya."

Mutwiri akainua mikono. Akanyoosha kidole kwenye mgongo wa mlima mbele yetu. "Basi ni pale. Ukifika pale juu unaangalia chini, uko nalo. Dakika ishirini."

Dakika ishirini, wakuu.

Akatugawia chapati. Mimi nikageuka upande, nikairusha nyuma ya jiwe.

Mwalimu akasema, bila hata kunitazama, "Mutwiri, huyu kijana hajala kitu tangu asubuhi."

Nikaruka. "Nimekula, Mwalimu!"

"Kiazi ulitupa. Yai ulitupa. Chapati iko nyuma ya hilo jiwe. Mimi mtoto akitupa chakula namwona hata nikiwa naandika ubaoni. Nilidhani unaringa na chakula chetu. Lakini sasa umenitajia jina la mama yako mara tatu, na kila mara ni jina tofauti."

Nilitaka kucheka. Mutwiri hakucheka. Alikuja akanishika kidevu, akanifungua mdomo kama mtu anayenunua punda.

Majani yote yalikuwa hapo.

Akachora mstari kwenye udongo kwa fimbo, mfupi tu, kama urefu wa vitanda viwili. "Tembea hapa. Kisigino kiguse vidole."

Wakuu, mimi nimetembea juu ya ukuta wa mfereji nikiwa nimelewa. Nikaweka mguu wa kwanza. Nikaweka wa pili. Ardhi ikainuka ikanipiga usoni.

Nilisimama nikajaribu tena. Nikaanguka tena upande uleule. Halafu nikatapika kijani kitupu, na nilipoinua macho niliona Mutwiri wawili, wote wamekasirika.

Hapo ndipo nilipoogopa. Naogopa hata sasa. Mwili wangu ulikuwa umeharibika saa nzima na mimi nilikuwa nasalimia mimea.

"Tunashuka sasa hivi," Mutwiri akasema.

"Niacheni hapa nikae," nikamwambia. Ulimi ulikuwa mzito. "Mpeleke Mwalimu. Mtanikuta."

"Nitakukuta umekufa. Ukungu ule unakuja, na ubongo wako umeanza kuvimba. Siwezi kukuacha peke yako, na mama wa watu siwezi kumwacha peke yake. Niko mmoja tu."

Nilimwangalia Mwalimu. Alikuwa ametazama ule mgongo wa mlima. Angeweza kukimbia pale, hata kidogo tu, aangalie, arudi. Angeweza kunyamaza kuhusu chapati. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka saa hii. Angenyamaza dakika ishirini tu angeliona, na hakuna mtu angemlaumu.

Alifungua leso kiunoni, akaifunga upya kwa nguvu. Akachukua mkoba wake mgongoni mwangu.

"Twende," akasema. "Shika mkono wangu. Na usisalimie kabichi tena."

Safari ya kushuka nakumbuka vipande vipande. Mutwiri upande mmoja, Mwalimu upande mwingine. Nakumbuka alikuwa ananiuliza hesabu za darasa la tatu, saba mara nane, tisa mara sita, na nikikosea ananibana mkono. Nakumbuka nililia. Nakumbuka gari.

Kwenye mianzi kichwa kikaanza kufunguka kama dirisha. Kwenye mashamba ya chai nilijua jina la mama yangu. Mutwiri alitupitisha kwanza kwa daktari wa kliniki moja, akanipima, akasema nilale mahali pa chini, na mtu awe karibu usiku kucha. Mutwiri kwao ni Githongo, na dada yake ana hii lodging katikati ya kahawa. Ndiyo maana niko hapa, mahali ambapo sijawahi kufika maishani, nimepewa chumba chenye blanketi tatu.

Jioni tulikaa jikoni, tukala mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Nilikula sahani mbili mbele ya Mutwiri, kila kijiko akikihesabu kwa macho.

Nikamwambia Mwalimu, "Nisamehe. Nimekunyima ziwa lako."

Alipuliza chai yake. "Nilipanda mlima kuufuta uongo wangu, nikakuta wako umenitangulia. Lakini wangu haujaua mtu."

Kisha akaongeza, "Kiangazi kikifika nitarudi. Utabeba mkoba. Na mifuko nitakupekua mwenyewe, mpaka soksi."

Mutwiri akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Baadaye, mnajua ugonjwa wangu, nilimfuata Mutwiri nje kwenye kuni. Nikamwomba anionyeshe lile ziwa. Akanitolea picha kwenye simu. Nikaiangalia muda mrefu.

Niliporudi jikoni Mwalimu aliniangalia mara moja tu.

"Umeona."

"Nimeona."

"Kwa hiyo sasa unajua kama nilidanganya watoto au la."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi nyamaza."

Nimenyamaza.

Leo asubuhi ameondoka kurudi Gachoka. Ameniomba niandike haya yote, na nimtumie link, maana amesema atasoma kila kitu mtakachoandika.

Somo langu ni dogo. Kama unatafuna, sema unatafuna. Ukipanda mlima na mtu anayekulisha, kula mbele yake. Na kama kichwa kinauma sema kinauma, hata kama wenzako wamebakiza dakika ishirini.

Muguka uliobaki nimemwaga kwa mbuzi wa dada yake Mutwiri. Mbuzi wenyewe wamenusa wakaondoka.

Karibuni, wakuu. Nitukaneni, ninastahili. Waliowahi kushikwa na urefu waseme ilikuwaje, na kama kuna daktari humu atueleze.

Ila naomba kitu kimoja. Najua humu kuna watu waliofika Michaelson. Msiweke picha, na rangi ya maji yale msiitaje. Mwalimu anasoma.