Mkwaruzo Sikioni

Mama mdogo anaishi kwa sauti za watu asiowajua. Mikutano inarekodiwa huko inakorekodiwa, yeye anavaa hedifoni, anafumba macho, anasikiliza sentensi moja, anasimamisha, anachapa, anaendelea. Alasiri, pazia likicheza na upepo, chumba chake hujaa watu wasioonekana: mwenyekiti mwenye mafua, mhasibu anayecheka peke yake, mama mmoja anayehema kabla ya kila neno. Ukimwita saa hizo hugeuka polepole, kama bado yuko nao. Mimi hupenda kukaa pale nikimtazama tu.

Basi ukaanza mkwaruzo. Krrr, halafu ndiyo sauti ya mtu. Kompyuta yake ni kuukuu na inatumia mfumo wa Linux niliomwekea mwenyewe, kwa hiyo lawama zilinijia mimi kwanza, nami nikanuna. Akabadilisha hedifoni, akabadilisha waya, akabadilisha hata kiti. Wapi!

Akaitwa mumewe, baba mdogo, fundi wa makochi. Akavaa hedifoni, vumbi la sponji bado kwenye nywele, akasikiliza mkutano mzima mpaka ukaisha.

"Mbona safi kabisa?" akasema. "Ila huyu mwenyekiti naye, maneno hayamwishi."

Mama mdogo akacheka kidogo. Tangu hapo akawa mpole kupita kiasi, akifanya kazi huku mkono mmoja uko sikioni. Sikio likienda, kazi imekwenda, na wale watu wote wa alasiri wamekwenda nayo. Hakuniambia, lakini hilo halikuhitaji kuambiwa, na roho iliniuma.

Siku moja tukinywa chai, aliduwaa na kikombe mkononi.

"Hivi wewe," akaniambia, "mbona inakwaruza nikitoka kuchapa tu? Nikiiacha iende yenyewe, haikwaruzi."

Akamwita mumewe, akamvalisha hedifoni, akasimamisha rekodi. Tukangoja, kimya, pazia tu likitembea. Kisha akabonyeza.

"Lo!" Baba mdogo akaruka. "Inakwaruza hii!"

Kumbe kadi ya sauti, ile inayotoa sauti ndani ya kompyuta, ilikuwa inasinzia. Ikikaa kimya kidogo, Linux huizima kuokoa umeme, na kila inapoamshwa inakurupuka kwa kelele. Siku ile ya kwanza baba mdogo alisikiliza mkutano bila kusimamisha, hakuipa nafasi ya kulala. Nikafungua dirisha la amri, kwenye mpangilio wa kadi wa kuokoa umeme nikaweka sifuri ili isilale tena, nikawasha kompyuta upya. Mama mdogo akavaa hedifoni zake, akachapa sentensi, akangoja, akabonyeza. Sauti ikamjia laini, tangu neno la kwanza.

Akaanza kulia.

"Sasa machozi ya nini, mke wangu? Mashine si imepona?"

"Nilidhani ni mimi."

Baba mdogo akamvua hedifoni taratibu, akaziweka mezani.

"Hata mimi nilidhani ni wewe," akasema. "Sikujua nikwambieje."