Kiti cha Nyuma

Mama Pasi hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, ila ushauri wa kupanda ndege alikuwa nao tele. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wa kiwanja kidogo cha ndege, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi vitambaa vyeupe vya kuegemezea vichwa kwenye viti. Alivianika nyuma ya ghala, kando ya uzio wa waya, na kutoka hapo kila ndege iliyoruka aliisindikiza kwa macho mpaka ikawa nukta.

Bintiye alihudumia abiria katika ndege ndogo ya kukodi, ile ya wafanyabiashara. Kiti chake kilikuwa mbele, karibu na mlango. Sasa mama alisikia redioni kwamba ndege ikianguka wanaopona ni wa nyuma. Tangu hapo nyumba ilikosa amani.

"Viti vya nyuma vikiwa vitupu, kaa huko."

"Mama, kazi yangu iko mlangoni."

"Mlango una miguu? Utaukuta hapo hapo."

Mlinzi wa geti alikuwa akiwacheka. "Mama Pasi, ukimnyoosha hivyo huyo binti ataungua!"

"Wewe linda geti lako. Huna wa kwako angani."

Asubuhi hiyo binti alipita kuchukua vitambaa, vingali na joto la pasi. Abiria walikuwa wachache. Kabla mama hajafungua kinywa, binti alimwekea mkono begani.

"Leo nakaa nyuma, mama. Nyuma kabisa. Roho yako itulie."

Ikatulia kweli. Mama akarudi kuanika, kibanio mdomoni.

Ndege ilishika kasi kama siku zote. Pua ilikuwa imeanza kuinuka, mara paa! Tairi limepasuka. Ndege ikayumba, ikaacha lami, ikajizungusha nyasini na mkia ukajibamiza kwenye ukingo wa mtaro, ukakatika. Vumbi likatimka, kisha moshi.

Mama alifika getini hajui amefikaje. Mlinzi akamzuia kwa mikono miwili.

"Siruhusiwi, mama yangu. Siruhusiwi." Naye machozi yalikuwa yanamtoka.

Basi akaushika waya wa uzio, akatazama. Mbele ndege ilikuwa nzima, kana kwamba haikuguswa. Nyuma palikuwa tundu tupu, na nyasini kiti kimoja kimelala kifudifudi, kitambaa cheupe kikichungulia pembeni. Kitambaa alichokipiga pasi mwenyewe. Kama kuna mtu chini yake, hakuweza kuona.

Miaka yote alimwombea mtoto huyu awe msikivu. Sasa akaomba kinyume. "Mungu wangu, awe amenidanganya. Awe amenipuuza. Awe kichwa ngumu kama baba yake."

Mzimamoto mmoja akakikimbilia kile kiti, akakiinua, akakiachia, akaendelea na mbio zake.

"Kaona nini?"

"Sijui, mama."

"Mtu akikuta maiti, huachia hivyo?"

"Sijui, jamani!"

Abiria wakaanza kutoka kwa mlango wa mbele, mmoja ana kiatu kimoja, mwingine amekumbatia mkoba wake kama mtoto. Nyuma yao rubani, anachechemea. Kisha machela. Nani yuko juu yake, kutoka pale hakumjua.

Gari la wagonjwa lilipofika getini, mlinzi, amri au si amri, alisimama mbele ya gari kulizuia. Mlango wa nyuma ukafunguliwa kidogo. Bintiye alikuwa amelala, mkono umefungwa kwenye ubao, uso umejaa vumbi.

"Usinigombeze, mama. Nilikaa mbele. Nilisema vile ili utulie tu."

"Mwongo mkubwa wee!" Mama akabusu soli ya kiatu chake, maana ndiyo pekee aliyoweza kuifikia. Nafasi ya kupanda haikuwepo. Mlango ukafungwa, gari likaondoka, akabaki na mchanga wa soli midomoni.

Mkono ulipopona, binti alirudi kazini. Mama aliipiga pasi sare yake, akairudia, akamsindikiza mpaka getini. Mlinzi hakutania.

"Haya, mama, sema basi. Leo nikae wapi?"

Mama alifungua kinywa. Mbele? Nyuma? Kila kiti alichokifikiria alikiona kimelala kifudifudi nyasini. Akamfunga kifungo cha kola ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, akarudi kwenye kamba yake ya kuanikia, akaupa uwanja mgongo, akasubiri mlio wa ndege ikiruka.