Njia ya Bibi Katika Ramani ya Chuo

Mwezi uliopita nilikwenda kwetu Elerai kumjengea shangazi chumba cha tofali, maana nyumba aliyoachiwa na bibi imeoza mbao, na mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Nimerudi na hasira nisiyojua niipeleke wapi, ndiyo maana nakusumbua wewe, rafiki yangu. Nimenyimwa kibali cha ujenzi. Shamba ni letu, hakuna anayebisha, lakini kwenye ramani mpya ya mipango miji halimo tena upande wa makazi. Limepakwa rangi ya taasisi, liwe eneo la upanuzi wa chuo.

Chuo chenyewe nilikijua kikiwa nyumba moja ya kupanga nyuma ya migomba yetu, wakifundisha uhazili. Asubuhi nikikata majani ya ng'ombe nilisikia mashine za taipu zikigonga zote kwa pamoja, halafu mwalimu wao anapiga makofi mara moja, zinanyamaza. Bibi alipika loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, kwenye sufuria kubwa kuliko idadi yetu, na wanafunzi walioishiwa walijua mlango wa jikoni uko wapi. Mikono yao ilinuka wino. Mimi niliona hakuna kazi nzuri duniani kama kunuka wino.

Shida yao ilikuwa njia. Kutokea barabara ya Nairobi pale Sakina ilibidi wazunguke kufuata mfereji, na wakati wa masika tope la kwetu humvua mtu viatu. Shamba la bibi lilikuwa katikati, limezungushiwa ua wa masale, na kwetu hakuna mtu mwenye akili aliyeruka masale ya mwenzake bila kuomba. Basi siku moja mwalimu wao alikuja na wasichana wawili, viatu mkononi, wakasimama upande wa nje, wakaomba. Bibi aling'oa masale matatu kwa mkono wake mwenyewe.

Jirani yetu akamwuliza kama wameandikishana.

"Tuandikishane nini?" bibi alimshangaa. "Watoto wa watu wapite."

Nikapewa kazi ya kufagia ile njia kila Jumamosi. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, lakini wanafunzi waliniita bwana barabara, nami nikavimba kichwa. Nilifagia hadi majani ya mgomba yaliyokuwa bado yanaanguka. Leo nikikumbuka bidii ile natamani kulia.

Kwani unajua afisa wa mipango miji aliniambia nini? Ni kijana mwenye adabu, alianza na shikamoo. Akanieleza kwamba chuo kiliomba kubadilisha matumizi ya eneo lote la pale, na sharti mojawapo ni kuwa na barabara ya kuingilia.

"Na barabara wanayo, mama. Hii hapa."

Nikainama kutazama kidole chake. Ilikuwa njia yangu ya Jumamosi.

"Baba, hiyo ni njia ya shamba. Bibi yangu aliwapa wapite."

"Mna maandishi yoyote?"

Nilitikisa kichwa. Akaendelea kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Tangazo lilibandikwa ofisi ya kata, muda wa pingamizi umekwisha, hatujanyang'anywa kitu. Tunaweza kulima. Tunaweza kukiuzia chuo. Kujenga nyumba ya kuishi tu ndiyo haiwezekani.

Nilipomweleza shangazi alikuwa anamenya ndizi, wala hakuinua uso. Aliuliza, "Kwa hiyo kitanda nikisogeze upande gani?" Nina miaka hamsini kasoro, nimesoma, nina fedha ya tofali mkononi, na nilishindwa kumjibu mwanamke aliyenibeba mgongoni.

Kesho yake alfajiri nilichukua panga, nikakata masale, nikaanza kuyapanda kuziba ule mwanya. Ningechomeka hata mia. Nilikuwa nimefikia la tano alipotokea binti mwenye begi mgongoni, akasimama upande wa pili.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba kupita, nina mtihani."

Aliomba, rafiki yangu. Laiti angeruka, ningemfukuza kwa matusi yote ninayoyajua. Nikang'oa masale mawili, akapita, akashukuru, akakimbia.

Wanaposema Elerai ya zamani imekwisha hutaja migomba na mfereji, na kweli vimepungua. Mimi ninachokililia ni wepesi wa moyo wa bibi. Yeye alimpisha mtu, kisha akarudi kupalilia. Mimi nilimpisha yule binti nikabaki nimesimama pale na panga, nikiangalia huku na huku kama kuna mtu anatupiga picha ya ushahidi.