Auntie Grace na Bendi ya Leeds

Jamani, nimekimbilia kompyuta za maktaba kuwaandikia hii.

Leo baada ya fellowship ya kanisa letu kule Roseville, mimi na rafiki yangu Otieno tulianza ubishi wetu wa kila siku. Kati ya bendi mbili za Uingereza tunazozipenda za post-punk, ule muziki wa gitaa wenye giza wa miaka ya themanini, ya Manchester na ya Leeds, ipi iliacha alama kubwa?

Auntie Grace, mama wa kanisa aliyekuwa akigawa chai, akaweka thermos chini.

Huyu ndiye aliyeniombea mwezi jana, eti koti langu jeusi, vazi la mashabiki wa muziki huo, lina roho chafu!

"Ya Leeds," akasema. "Nilisomea unesi huko. Niliwaona mara nne. Ile ya Manchester ni ya kulia, hii ni ya kucheza."

Otieno akajimwagia chai.

Auntie akaniangalia.

"Na hilo koti lako ni fupi. Langu jeusi la siku zile lilikuwa linafagia sakafu."

Sasa niambieni, nani amwombee mwenzake?